Kutembelea kiwanda kidogo cha chokoleti: utaona nini, utaonja nini, na mbona kakao haipo Kasulu

Mwaka 2024 bei ya kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, simu za wasikilizaji wetu ziliongezeka. Watu wa Kasulu na Kibondo walikuwa wanasikia habari za Kyela kutoka kwa ndugu na madereva wa malori, kwamba huko wakulima wanajenga nyumba za tofali za kuchoma. Wengi waliuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, kakao inaota huku kwetu? Wengine walikwishaanza kuulizia miche. Lakini mama mmoja aliuliza jambo ambalo hatukulitegemea. Watoto wake wanaipenda chokoleti, alisema, ila yeye hajui kama ni tunda, ni unga au ni dawa ya kikohozi iliyotiwa sukari. Inatengenezwaje?

Tunaanza na swali la huyo mama, kwa sababu ukilielewa, la kwanza utaweza kulijibu mwenyewe kwa sehemu kubwa. Na njia nzuri ya kulielewa ni kwenda kuona. Viwanda vikubwa havikaribishi wageni kirahisi, lakini vipo viwanda vidogo, vingine vyenye chumba kimoja au viwili tu, ambavyo hupokea wageni, huwazungusha na kuwaonjesha. Huku nyanda za juu za Kigoma hatujakuwa na kiwanda cha namna hiyo. Makala haya ni ya anayesafiri, na pia ya asiyesafiri anayetaka kujua.

Viko wapi

Kakao ya Tanzania hutoka hasa mkoa wa Mbeya, katika Kyela, Rungwe na Busokelo. Nyingine hutoka Morogoro, kwenye bonde la Kilombero, na kiasi fulani Tanga. Huko Kyela wengi huiita kokoa, nasi tutatumia kakao, jina la vitabuni.

Pale Mbingu, Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, kuna kampuni ya Kokoa Kamili iliyoanza mwaka 2013. Yenyewe haitengenezi chokoleti. Inanunua kakao mbichi, ikiwa bado na utelezi wake, kwa wakulima wadogo, kisha inaichachusha na kuikausha mahali pamoja. Punje zake huenda kwa watengenezaji wadogo nje ya nchi, na mmoja wao ni Dandelion wa San Francisco, Marekani, ambaye huandika Kokoa Kamili, Tanzania, kwenye karatasi ya chokoleti yake. Kutoka Mababu, Kyela, punje huenda kwa Askinosie, kiwanda kidogo cha mji wa Springfield, jimbo la Missouri. Mwanzilishi wake alikuwa wakili wa kesi za jinai kabla ya kuacha mahakama na kugeukia kakao. Hununua moja kwa moja kwa wakulima, huwagawia sehemu ya faida, na huwapelekea chokoleti iliyotokana na punje zao ili waionje. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini wapo wakulima wengi wa kakao duniani waliozeeka shambani bila kuonja kinachotoka kwenye zao lao.

Kwa majirani zetu, Kampala kuna Latitude, inayotumia kakao ya Uganda. Mashariki ya Kongo, Kivu ya Kaskazini, chokoleti ya Virunga ilianza kutengenezwa Mutwanga kwa umeme wa maji yanayoshuka kutoka mlima Rwenzori, katika eneo ambalo wakulima wake wanaishi na vita miaka yote. Dar es Salaam, kampuni ya Chocolate Mamas ilijulikana kwa chokoleti za mkono zenye kakao ya hapa nchini.

Kazi inaanzia shambani

Mgeni mwingi hufikiri chokoleti inazaliwa kwenye mashine. Fundi akiwa mkweli atakwambia nusu ya ladha ilishaamuliwa kabla gunia halijafika kwake.

Tunda la kakao huota kwenye shina na matawi makubwa, siyo kwenye ncha kama embe. Ni kubwa kama papai dogo, lina ganda gumu, na ndani yake mna punje 30 hadi 50 zilizofunikwa na nyama nyeupe yenye utelezi. Nyama hiyo ni tamu yenye uchachu kidogo, wengine huifananisha na stafeli. Punje yenyewe ukiitafuna mbichi ni chungu, inakausha ulimi, wala haina harufu yoyote ya chokoleti.

Harufu hiyo inazaliwa kwa kuchachusha, na hapa mtu wa Kasulu hahitaji mwalimu. Anayejua kuvundika muhogo au kuivisha ndizi za pombe ameshaelewa jambo lenyewe. Punje pamoja na utelezi wake hurundikwa kwenye masanduku ya mbao na kufunikwa kwa majani ya migomba. Hamira za asili hula sukari ya ile nyama na kutoa pombe. Kisha bakteria hugeuza pombe kuwa siki. Rundo hupata joto lenyewe hadi nyuzi 45 au 50, na joto hilo pamoja na siki huua kiini cha punje, kwa hiyo haiwezi kuota tena. Ndani yake vitu huanza kubadilika, uchungu hupungua, na msingi wa ladha hujengwa. Kazi hii huchukua siku 5 hadi 7, na rundo hugeuzwa kila baada ya siku moja au mbili ili hewa ipite. Ikikatizwa mapema, punje hubaki chungu. Ikizidishwa, hunuka kama samadi.

Baadaye huanikwa juani kwenye meza kwa wiki moja hadi mbili mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 hivi. Kilo tatu za kakao mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Mvua ikinyesha mfululizo ukungu huingia, na ukungu haufichiki, utauonja kwenye chokoleti hata iongezwe sukari kiasi gani.

Ndani ya kiwanda

Ukifika utaombwa kufunika nywele na kunawa mikono. Usijipulizie manukato siku hiyo, harufu ya mafuta yako itaingilia ya kila mtu. Kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya punje zinazokaangwa: fikiria kahawa, mkate unaotoka jikoni, na siki kidogo kwa nyuma.

Kwanza ni kuchambua. Mtu hukaa mezani na kutoa mawe, vijiti, punje zilizovunjika na zilizoshikana. Ni sawasawa na kuchambua maharage kabla ya kuyainjika, na ni kazi ambayo viwanda vikubwa huiachia mashine. Kisha punje hukaangwa, mara nyingi kwa joto la nyuzi 110 hadi 150, kwa dakika kati ya 15 na 40. Kila fundi ana kipimo chake, na kila shamba lina kipimo chake. Kuna wanaokaanga kidogo ili kubakiza uchachu wa matunda, na wanaokaanga sana wapate ladha ya karanga na kahawa. Kwa maoni yetu, anayeunguza punje nzuri za Kilombero anapoteza kile alicholipia.

Zikipoa, huvunjwa na kupetwa. Ganda jepesi hupeperushwa na feni, vipande vizito hubaki. Ni ungo wenye mota, basi. Maganda hayatupwi, hutiwa bustanini au huchemshwa kama chai. Vipande vinavyobaki ndivyo kakao halisi. Omba kimoja utafune: utasikia karanga zilizokaangwa sana, uchungu, kisha kwa mbali tunda fulani.

Sasa ni kusaga, na hapa ndipo wageni husimama muda mrefu. Mashine ni sufuria ya chuma yenye mawe mawili ya graniti yanayozunguka juu ya sakafu ya graniti. Asili yake ni India, ambako hutumika kusaga mchele na dengu zilizolowekwa kwa ajili ya vyakula vya kusini mwa nchi hiyo. Mafundi wa chokoleti waliziona, wakaziimarisha, na bila mashine hizo viwanda hivi vidogo vingekuwa vichache sana. Vipande vikavu vinaingia, na baada ya muda unaona kitu kinachomiminika kama uji mzito mweusi, ingawa hakuna aliyetia maji wala mafuta. Sababu ni kwamba zaidi ya nusu ya punje ya kakao ni mafuta yake yenyewe, yaani siagi ya kakao, nayo huyeyuka kwa joto la msuguano wa mawe. Sukari huongezwa, na mawe huzunguka siku moja, mbili, hata tatu, mpaka chembe ziwe ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi tena. Wakati huohuo siki iliyobaki inatoka na mvuke.

Fikiria mashine inayotakiwa kuzunguka saa 48 bila kusimama. Umeme ukikatika usiku, uji huganda humo ndani na mawe hunata. Tunaokumbuka majenereta ya Kasulu na Kibondo kabla ya gridi ya taifa tunaelewa hiyo maana yake nini.

Hatua ya mwisho ni ya joto, na ndiyo inayowatoa mafundi jasho. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na moja tu linafaa: linalong'aa, linalovunjika kwa mlio, na linaloyeyuka kwenye nyuzi 33 au 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ili kulipata, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 au zaidi, hupozwa hadi 27 au 28, kisha hupandishwa taratibu hadi 31 au 32 na kumiminwa kwenye viumbo. Ikikosewa hutoka laini, isiyo na mng'ao, na baada ya siku chache hutokwa na utando mweupe. Huo siyo ukungu, ni mafuta yaliyopanda juu. Chokoleti iliyokaa ndani ya gari juani kutwa nzima nayo huwa hivyo. Ukiikuta, kula tu, haina madhara, imepoteza uzuri wake.

Hapo utajiuliza kwa nini pipi za chokoleti za dukani kwetu hazinyeyuki rafuni. Nyingi ya hizo siagi ya kakao imeondolewa na kuwekwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi yanayotokana na mchikichi. Kwa mtu wa Kigoma ni jambo la kuchekesha kidogo: unadhani unakula matunda ya Kyela kumbe unakula ndugu wa mawese yako.

Kuonja

Ukiambiwa uonje, usitafune haraka. Maji ya uvuguvugu na kipande cha mkate mkavu huwekwa mezani kusafisha kinywa. Vunja kipande karibu na sikio, usikie kama kinalia. Kisugue kidogo kwa kidole, ukinuse. Kiweke ulimini, kitafune mara moja au mbili tu, halafu kiache kiyeyuke. Ladha huja kwa zamu. Mwanzoni ni utamu, katikati ni uchachu wa tunda, mwishoni ni uchungu unaobaki au unaoondoka. Kakao ya Tanzania inajulikana kwa uchachu wake wa matunda, na wengi hutaja machungwa au zabibu kavu. Asiyezoea husema imechacha. Haijachacha, ndiyo tabia yake.

Utaona maandishi ya asilimia. Asilimia 70 maana yake ni kwamba sehemu 70 kati ya 100 zimetoka kwenye kakao, punje na siagi yake, na zinazobaki ni karibu zote sukari. Haimaanishi ubora. Tumeonja ya asilimia 85 iliyokuwa kama mkaa na ya 65 iliyotufanya tunyamaze. Anza na zisizo na kiungo, za chumvi, tangawizi au maziwa ziwe za mwisho, la sivyo ulimi hautasikia tena kingine.

Njia hii ya kuonja unaweza kuijaribu nyumbani leo kwa asali. Chukua asali ya misitu ya miyombo ya Kibondo, ya msimu mmoja na wa mwingine, kijiko kwa kijiko, na maji katikati. Utashangaa ulivyokuwa unameza bila kuonja.

Na kuhusu asali, tumeulizwa kama inaweza kuchukua nafasi ya sukari kwenye chokoleti. Ndani ya mashine ya kusaga, hapana. Asali ina maji, na maji kidogo tu yakiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, yote hujikunja na kuwa kama udongo wa kufinyangia. Lakini asali inafaa sana kama ujazo wa ndani, ikichanganywa na maziwa mazito na chokoleti. Mfugaji nyuki wa huku anayetaka kuuza kwa mtengenezaji wa chokoleti aende akiwa na hilo kichwani.

Swali la kumuuliza mwenye kiwanda

Muulize punje zimetoka kijiji gani na msimu gani. Akijibu "Afrika", unajua ananunua popote. Kisha muulize alilipa shilingi ngapi kwa kilo. Wengine hawapendi swali hili, wengine huchapisha bei kila mwaka.

Hesabu yenyewe siyo ngumu. Kipande cha gramu 70 chenye asilimia 70 kina gramu 49 za kakao. Ukirudisha maganda na uzito uliopotea kwenye kukaanga, ni karibu gramu 65 za punje kavu, yaani tunda moja na nusu. Bei ya dunia ilipokuwa dola 2,500 kwa tani, kama ilivyokuwa miaka mingi kabla ya 2023, punje hizo zilikuwa na thamani ya senti 16 za dola. Ilipofika dola 10,000, zilikuwa senti 65. Kipande kama hicho cha fundi mdogo huuzwa Marekani kwa dola 8 hadi 12. Fundi hapati zote, kuna mishahara, usafiri, kodi na duka. Hata hivyo utaona kwamba mkulima aliyepata neema kubwa mwaka ule alishika sehemu ndogo ya bei ya mwisho. Na neema yenyewe ilitokana na mavuno mabaya ya Ivory Coast na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Mwaka 2025 bei zikaanza kuporomoka tena.

Basi, tupande Kasulu?

Kakao inataka joto mwaka mzima, mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 iliyosambaa vizuri, na kiangazi kisichozidi miezi mitatu. Kyela ipo karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua zake ni nyingi sana. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200, usiku wa Juni na Julai kuna baridi, na kiangazi kinaanza Juni hadi Septemba bila tone. Mche unaweza kuota, hata kutoa maua ukimwagilia, na huo mmoja ndio utakaoonyeshwa na muuza miche. Shamba la kulipa ada ya shule ni habari nyingine. Aliyepewa bei ya miche ya kakao kwa ajili ya eka za Makere au Mabamba, na aende kwanza kwa afisa ugani wa kata yake kabla ya kutoa fedha.

Zao linalopenda mwinuko wetu tunalo. Kahawa ya arabika ya Kigoma, ile inayokusanywa na vyama vya msingi vilivyo chini ya ushirika wa Kanyovu, hupitia karibu safari ileile: humenywa, huchachushwa, huoshwa, huanikwa, huchambuliwa kwa mkono. Na mkulima wake, kama yule wa kakao, mara nyingi huiuza bila kuionja, kisha asubuhi anakunywa chai. Anayetaka kuona kazi hii bila kusafiri hadi Mbingu aombe kutembelea kituo cha kumenya kahawa wakati wa mavuno. Abebe kiasi kidogo cha punje zilizokaushwa, azikaange nyumbani kwenye chungu kikavu huku akikoroga mfululizo, azitoe zinapoanza kulia mara ya kwanza, azitwange na kuchemsha. Anywe bila sukari, mara moja tu, ajue anachouza.

Kwa anayeamua kusafiri: Kyela hufikiwa kupitia Mpanda, Sumbawanga, Tunduma na Mbeya, na Mbingu kupitia Mikumi na Ifakara. Piga simu kabla, uliza gharama ya ziara na kama kuna kuonja, na uliza kama ni msimu. Ukifika wakati hakuna matunda shambani utaona masanduku matupu na meza za kuanikia zilizolala chali.